Kovu Lisilo Lake

Jiwe lile lilikuwa na ufa. Naanza na ufa kwa sababu watu wakisimulia habari hii, na siku hizi wananisimulia hata mimi mwenyewe kilabuni, huanza na mwanamke. Kisha hucheka, kisha huniangalia waone kama nami nitacheka. Sicheki. Nilicheka mara moja, kwa wakati usiofaa, na kicheko kile nitakilipia hadi niingie kaburini.

Mimi ni mchongaji wa mawe ya sabuni hapa Tabaka, Kisii. Nilianza kabla sijaota ndevu, na kwa miaka zaidi ya ishirini nilichonga viboko wa mtoni, twiga, na vile visahani vya kuwekea sabuni ambavyo watalii hununua halafu, nina hakika, huvisahau hotelini. Nilikuwa na mke. Alichoka na hasira zangu na pombe yangu, akaniambia heri angeolewa na jiwe, jiwe halirudi nyumbani likipepesuka. Akaenda zake. Sikumfuata, maana nilijiona mtu mkubwa ambaye hajaeleweka. Hapa kwetu kila mchongaji ni fundi, kama fundi wa baiskeli au wa paa. Mimi nilitaka kuitwa msanii, na nilikuwa mkali kwa kila mtu kwa sababu hakuna aliyeniita hivyo.

Kazi yetu ina mpango wake. Mwanamume hukata na kuchonga, mwanamke huosha na kupiga msasa. Jiwe likitoka mikononi mwangu lina makwaruzo kama uso wa mtu aliyeanguka kwenye changarawe. Wanawake huliweka kwenye karai la maji, wakalisugua kwa msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini, hadi linang'aa. Kwenye banda langu walikuwa watatu. Wawili nitawataja baadaye. Wa tatu ndiye huyu.

Alikuwa ameolewa kwenye boma la jirani yangu. Kwao ni Ekerenyo, kule Nyamira, na mume wake alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Nyansiongo, akija nyumbani mara mbili kwa mwezi. Walikuwa na binti mmoja mdogo. Baba mkwe wake alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa Sabato asiyekunywa hata chai ya rangi, na alimpenda yule mkwe kwa namna ya wazee wetu, yaani hakuwahi kumsifu mbele ya mtu yeyote.

Siku ya kwanza alipoketi kwenye karai alimgeuza kiboko wangu huku na huku, akasema bila kuinua kichwa kwamba mnyama huyu anaumwa na jino. Wenzake waliangua kicheko. Nilimwambia apige msasa aache kupiga domo. Lakini alipoenda nyumbani jioni nilimchukua yule kiboko nikamtazama, na haki ya Mungu, alikuwa anaumwa na jino. Nikamrekebisha taya. Kesho yake hakusema kitu, alimwosha tu.

Miaka sita tulienda hivyo. Twiga wangu aliambiwa ana shingo ya mtu anayechungulia kwa jirani. Ndege wangu aliambiwa ameshiba sana kuruka. Nilikasirika kila mara, na kila mara nikarekebisha. Wanunuzi walianza kuuliza kazi zangu kwa jina, na mimi nikajipongeza kwamba kipaji kimekomaa. Kipaji kilikuwa kwenye karai pale, kimefunga leso kiunoni, kinanicheka.

Sikumgusa. Hilo naweza kuliapia popote. Lakini macho yangu hayakuwa na adabu. Nilizoea kumwangalia akifanya kazi, shingo imeinama, mikono ndani ya maji meupe. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda kwa nje, kiligongwa na mlango akiwa mtoto, na alipokuwa akisugua kilisimama pembeni kama mtoto aliyegoma kula. Nilikijua kidole kile kuliko ninavyojua cha kwangu.

Mwaka mmoja mama yake aliugua, naye akaenda Ekerenyo pamoja na binti yake kwa wiki tatu. Banda likawa kimya. Nilikuwa na jiwe la waridi nililoliweka chini ya kitanda miaka miwili, nikingoja kitu kinachostahili. Nikalitoa. Nikamchonga yeye, amepiga magoti mbele ya karai, kichwa chini, kidole pembeni. Nilianza na nguo. Kisha nikazitoa.

Kwa nini nilizitoa? Mtalii mmoja aliwahi kuniachia kitabu cha picha za sanamu za Ulaya, na humo wanawake wa wasanii wakubwa hawakuwa na nguo. Basi. Hiyo ndiyo hoja yote niliyokuwa nayo. Kuanzia shingoni kwenda chini nilijitungia tu, maana sikuwahi kumwona, na kwa nini nimwone?

Kazi ikiwa karibu kuisha, ule ufa ukajitokeza chini ya titi la kushoto, mrefu kama kidole. Nilitaka kulia. Nikauziba kwa unga wa jiwe na gundi, lakini mstari ulibaki unaonekana. Nikafanya ujanja wa fundi: nikauinua kidogo, nikaulainisha kingo, ukawa kovu la zamani lililopona vizuri. Niliketi nikalitazama. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilijua hivyo, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Sasa jiwe lilihitaji msasa, na yeye hakuwepo. Nikawapa wale wawili. Wanawake wawili wa msasa wakinyamaza pamoja, ogopa. Walikiona kidole kwanza. Wakatazamana. Halafu mmoja akateleza kwa dole gumba hadi kwenye lile kovu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na hili pia liko hivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipocheka. Ningesema ni ufa. Maneno mawili tu. Lakini swali lile lilinipendeza. Kuna sehemu yangu, na ninaona haya kuiandika, iliyotaka wafikiri kwamba najua. Nikacheka, nikaenda kuwasha sigara. Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na wale waosha wangu waliondoka jioni hiyo na aibu ya mtu aliye hai.

Wiki ile ile akaja mnunuzi kutoka Nairobi, mama mwenye duka la picha na sanamu. Alilizunguka jiwe mara tatu. Akaniuliza kama huyo mwanamke alikaa mbele yangu nikimchonga. Wale wawili walikuwa hapo hapo kwenye karai, mikono imesimama.

Nikasema, "Alikaa mbele yangu miaka sita."

Hakuna uongo hapo. Alikaa mbele yangu miaka sita, amevaa sweta na leso, akisugua viboko. Lakini nilijua litakavyosikika, nalo likasikika hivyo hivyo. Mnunuzi akasema atarudi na sanduku zuri la kulibebea.

Siku ya pili yake nilikuwa nimelianika jiwe juani, juu ya gunia. Baba mkwe wa yule mama niliyemchonga akaja kuazima tupa ya kunolea panga, kama alivyozoea. Alikuwa amenyoosha mkono kunisalimia. Akaona jiwe. Nilimwona akikiona kidole, kisha macho yake yakapanda bila yeye kutaka, kisha akafumba macho kabisa, mzee mzima, amesimama juani amefumba macho. Akavua koti lake. Akalifunika jiwe kwa kupapasa, akageuka, akaenda na shati peke yake, bila tupa.

Kwa Ekegusii kuna neno, chinsoni. Shuleni tulifundishwa kwamba Kiswahili chake ni aibu, lakini aibu haitoshi. Ni aibu na heshima zikikaa nyumba moja. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Baba mkwe na mke wa mwanawe hukaa mbali mbali. Mambo ya mwili hayatajwi kati ya baba na mwana hata kwa mzaha, hata kwa mafumbo. Sasa mzee yule alikuwa ameona asichopaswa kuona, au aliamini ameona, na kwake ilikuwa ni mamoja.

Yule mama aliporudi kutoka kwao alikuta mzee anazungukia kwenye migomba ili asipite mbele ya mlango wake. Alikuta wanawake kisimani wakihesabu vidole vyake kwa macho. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mume akaja kutoka Nyansiongo. Yeye alijua. Ndiye mtu pekee duniani, ukiondoa mkewe, aliyejua kwamba hakuna kovu pale, na kwamba basi fundi hakuona kitu. Lakini angemwambiaje baba yake? Angefungua mdomo aanze na neno gani? Nilikutana naye njiapanda. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayetaka kuniomba kitu, nami nikajitia kutafuta simu mfukoni.

Jumatano yule mama mwenyewe akaja bandani. Hakuketi kwenye karai. Koti la mzee lilikuwa bado liko juu ya jiwe, hakuna aliyethubutu kuligusa. Akaliinua. Akatazama, nami nikangoja hukumu. Niseme ukweli wote: nilikuwa nangoja kusikia kama kazi ni nzuri.

Akapitisha dole gumba juu ya kovu. Mara moja tu.

"Hapa kuna ufa," akasema. "Umeziba na gundi."

Wale wengine hawakuugundua. Yeye aliugundua kwa kidole. Nikasema ndiyo.

"Jumapili wazee wanakaa nyumbani kwetu. Njoo nalo. Ulipige nyundo mbele yao, litapasuka hapo hapo, waone ni ufa. Hakuna mtu atalazimika kusema neno."

Alikuwa amefikiria yote. Hakuna ambaye angeutaja mwili wake. Baba asingeulizwa, mwana asingejibu. Jiwe lingesema lenyewe, na wazee wangekohoa, wangeongea habari za mvua, na mambo yangekwisha. Ningepoteza jiwe moja tu. Akalirudisha koti, akaliweka sawa mabegani mwa sanamu kama anayemvisha mtoto.

"Ni kazi nzuri kuliko zote umefanya," akasema. "Ndiyo maana nakuomba, Fundi. Ingekuwa kiboko ningelivunja mwenyewe."

Nikasema sawa. Nilisema sawa mara mbili.

Ijumaa mnunuzi alipiga simu, yuko njiani. Ningemwambia jiwe haliuzwi. Ningemwambia limeanguka. Nililifunga kwa mikono yangu mwenyewe, kwa majani makavu ya migomba na sponji, na koti la mzee nikalikunja nikaliweka kando. Nilijiambia nitawaeleza wazee kwa mdomo, mimi si bubu. Jumapili asubuhi nikapanda gari hadi Nyamache, kwenye kilabu ambapo hakuna anayenijua, nikanywa hadi nikasahau ni siku gani. Baadaye niliambiwa walingoja hadi saa ya kukama ng'ombe. Yeye alikuwa amekaa mlangoni, akiangalia barabara ya bandani kwangu.

Hakuna aliyemfukuza. Watu hufikiri alifukuzwa, lakini sisi hatufanyi hivyo. Mzee alisema tu kwamba hana njia tena ya kupita kwenye boma lake mwenyewe. Wiki hiyo yule mama akafunga vitu vyake, akarudi Ekerenyo. Binti hakwenda naye. Mtoto ni wa boma la baba yake, na alikuwa na miaka minne.

Mimi nikaitwa Nairobi. Jiwe lilikuwa limewekwa juu ya meza nyeupe, na taa yake peke yake. Nilivaa suti ya kuazima. Waliniita msanii, na watu waliovaa vizuri wakaniuliza habari za lile kovu, maana ndilo walilokuwa wakilitazama, mmoja alitokwa na machozi. Nikawapa hadithi. Nilisema aliungua na uji akiwa mdogo. Nilikuwa na kipande cha keki mkononi nikisema hivyo. Nikikumbuka keki ile hadi leo uso unanichoma, hata nikiwa peke yangu shambani.

Basi nikarudi, na tangu hapo sijachonga kitu. Namaanisha nimechonga viboko mia, na wote wabovu, na wale wawili wa msasa wanawaosha bila neno. Mume akahamia Nyansiongo moja kwa moja. Mtoto akalelewa na bibi yake. Ilipofika miaka miwili hivi, nilipita karibu na shule nikasikia watoto wakimwimbia mmoja wao kwamba yeye ni mtoto wa jiwe. Sikugeuka kuangalia. Niliinamisha kichwa nikapita upesi, lakini siku ile sikulala hata lepe, na asubuhi nikampigia mnunuzi. Akaniambia kwa furaha kwamba jiwe lilishauzwa kwa mtu wa ng'ambo.

Kwa hiyo nilibaki na maneno matupu. Nikalichukua koti la mzee, nikalipiga pasi, nikaenda nalo kwake. Alinipa kiti nje, chini ya paa. Nikamweleza kwamba nilichonga kwa kubuni, kwamba mkwe wake hakuwahi kuvua hata leso mbele yangu. Mzee alisikiliza akiangalia migomba. Nikaona haamini. Nikaongeza, kwa kutaka aamini, kwamba lile kovu ni ufa wa jiwe, kwamba yule mama hana kovu lolote pale.

Mzee akageuka. "Umejuaje hana?"

Jamani. Nilitafuta njia ya kutokea, na njia niliyoiona ilikuwa moja, na nikaingia humo kama ng'ombe. Nikasema, muulize mwanao.

Mzee wa kanisa, mbele yake, nikamwambia akamwulize mwanawe kuhusu mwili wa mke wake. Alisimama. Hakunitukana, angenitukana ningeshukuru. Alichukua koti kwenye magoti yangu kwa ncha za vidole, akaingia nalo ndani, na mlango ukafungwa taratibu. Miaka miwili mizima nilinyamaza pale nilipopaswa kusema, kisha siku niliyosema nikaharibu hata kile kidogo kilichokuwa kimebaki.

Wiki iliyofuata nikaenda Ekerenyo. Sikuwa na haki ya kwenda, lakini nilifikiri angalau asikie kwangu mwenyewe kwamba nimejaribu na nimekoroga. Bodaboda alinishusha kwenye njia ya kwao, katikati ya majani chai. Nilimkuta anamenya ndizi uani. Mama yake mgonjwa alikuwa ndani, anakohoa. Alinitambua, akafuta mikono, akaniletea kiti na chai, maana mgeni ni mgeni. Alikuwa amekonda. Kidole kilikuwa pale pale na sikukiangalia.

Nilimwambia yote, na habari za Ijumaa ile, na Nyamache, na mzee. Nilimwomba msamaha. Nililia pia, na hata katika kulia nilijishuku kwamba nataka aone nalia. Alisikiliza huku akiendelea kumenya. Nilipomaliza hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliuliza jambo moja tu. Aliuliza kama njia yangu ya kwenda bandani bado inapita mbele ya boma lao.

Nikasema inapita.

"Basi unamwona mtoto wangu," akasema, na kisu kikasimama. "Ana urefu gani sasa?"

Niliinua mkono. Niliuweka usawa wa kiuno changu, kisha nikaupandisha kidogo, kisha nikaushusha kidogo. Aliutazama mkono ule kwa yale macho aliyokuwa akikagulia kazi yangu. Akainuka, akaja akasimama karibu na ile nafasi ya chini ya kiganja changu, karibu kabisa, akiitazama.

"Hapo ndipo ulipomwona, Fundi," akauliza, "au umekisia?"

Kila siku kwa miaka miwili nilikuwa nimelipita boma lile nimeinamisha kichwa. Nilimwambia nimekisia. Akarudi kwenye ndizi zake.